Nataka kumpeleka mke wangu Paris tukitimiza miaka 20 ya ndoa, na asijue mpaka siku ya safari

#1 BabaNeema_Kigamboni

Wakuu, salaam.

Tarehe 17 Juni mwaka huu mimi na mama Neema tunatimiza miaka 20 ya ndoa. Tulioana 2006, ilikuwa Jumamosi, mvua ilinyesha tangu alfajiri na gari la maharusi likakwama kwenye tope hatua chache kabla ya ukumbi. Mwenzangu akavua viatu, akakunja gauni, akatembea. Mpaka leo nikikumbuka namheshimu upya.

Fungate hatukwenda. Hela iliyobaki tulilipa kodi ya chumba. Nilimwambia siku ile kwamba hili ni deni langu. Sasa duka la vifaa vya ujenzi limesimama, watoto wawili wako bweni, na kwa miaka mitatu nimedunduliza mpaka nina milioni 18 ambazo sijazipangia kazi nyingine yoyote.

Kwa nini Paris: mashuka ya chumbani kwetu yana picha ya mnara wa Eiffel. Kayanunua mwenyewe Kariakoo, na yakichakaa ananunua mengine ya mnara uleule. Haongei sana huyu mwanamke, lakini hilo nimelisoma.

Mpango wangu: namwambia tunakwenda Arusha kwa kaka yangu, tukifika uwanja wa ndege ndipo anaiona tiketi. Siku sita. Siku moja kati ya hizo tuchukue treni twende London kurudi, maana naambiwa ni saa mbili na robo tu.

Naomba mnisaidie: hela inatosha? Tulale mtaa gani? Viza inachukua muda gani?

#2 KijanaWaTandale

Mkuu, hongera kwa miaka 20. Swali moja tu: alama za vidole vya shemeji utazichukua akiwa amelala?

#3 Kapteni_Mizigo

Kijana wa Tandale kagusa penyewe. Viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo) mtu haombewi kimyakimya. Anasaini fomu mwenyewe na anakwenda mwenyewe kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Labda awe alishawahi kutoa alama ndani ya miezi 59 iliyopita kwa viza ya Schengen, hapo zinaweza kutumika zilezile. Kama hajawahi kwenda Ulaya, siri imekufa.

Mengine, kwa haraka:

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Ombi unaweza kulipeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15 kabla. Kawaida jibu ni siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika 45 wakiona kuna la kuchunguza. Kwa safari ya Juni, mwezi wa tatu uwe umeshapata miadi. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000.

London futa. Uingereza haimo Schengen, ina viza yake na ada yake. Halafu kama Wafaransa wamekupa viza ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda London hurudi tena Paris.

#4 BabaNeema_Kigamboni

Kapteni nimekuelewa, London nimeifuta. Lakini la alama za vidole limeniumiza. Miezi minne nimekuwa nikimficha, hata kijitabu cha benki nakiacha dukani.

#5 MamaWawili_Ilala

Kaka, naomba nikwambie kama dada yako. Siri ya safari ni tamu kwa anayeipanga. Anayesafirishwa inamkuta bila maandalizi.

Mume wangu alinifanyia hivyo tulipotimiza miaka kumi. Aliniambia tunakwenda Morogoro, kumbe ni Cape Town, mwezi wa saba. Mimi sanduku langu limejaa madira na kandambili. Kule ni baridi na mvua ya upepo, siku ya kwanza yote tukazunguka kutafuta sweta na viatu. Nywele nilikuwa nimefumua nikitegemea kusuka Morogoro. Picha zote za safari ile nimefunga kitambaa. Nampenda mume wangu na najua alijitahidi, ila nikiziangalia zile picha naona kitambaa tu.

Wifi anafanya kazi gani? Likizo atamwombea nani?

#6 BabaNeema_Kigamboni

Ni muuguzi, dada. Hospitali, zamu za usiku na mchana.

#7 MamaWawili_Ilala

Muuguzi! Ratiba ya zamu inapangwa mapema, na akikosekana bila taarifa mwenzake ndiye anayekesha. Hapo hapana mshtukizo kabisa. Mwambie.

#8 Mzee_Kipara

Mimi napingana kidogo na dada wa #5. Mke wangu hapendi kuulizwa. Ukimuuliza "unataka nini" anasema "chochote", ukileta chochote anasema si hiki. Kwa wengine mshtukizo ndiyo njia pekee ya kuwapa kitu wakakubali kukipokea, maana ukimpa nafasi ya kufikiri ataanza kuhesabu ada za shule na bati la nyumba ya mama yake. Mama Neema haongei sana, umesema mwenyewe. Akijua kuna milioni 18, hiyo hela haitafika uwanja wa ndege.

#9 KijanaWaTandale

Mzee Kipara umeongea kitu kizito. Milioni 18 kwa mwanamke mwenye akili ni msingi wa nyumba na renta juu.

#10 Mama_Sombe

Jambo bandugu. Mimi ni wa Lubumbashi, naishi Saint-Denis, hapo kaskazini ya Paris, tangu 2011. Kiswahili chetu mnakijua, najikaza kuandika chenu ili mnielewe.

Mume mwema huyu asikatishwe tamaa. Paris ni mji wa kutembea kwa miguu na watu wawili. Una mitaa mikubwa 20 yenye namba, imejizungusha kama ganda la konokono kuanzia katikati. Mtaa wa 1 hadi wa 8 ndiko kwenye vitu vingi vya kuona na ndiko kwenye bei kali. Msilale karibu na stesheni kubwa za treni kwa sababu tu hoteli ni rahisi, usiku pana fujo. Angalieni mtaa wa 11 au wa 12, upande wa Bastille na Nation. Ni mitaa ya watu wanaoishi, kuna mikate, kuna soko, na metro ni kama dakika kumi na tano hadi katikati.

Usafiri: kuna kadi inaitwa Navigo, ya wiki. Wiki yake inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, hata ukinunua Alhamisi inakufa Jumapili. Nimeangalia kalenda: 17 Juni ni Jumatano. Mkifika Jumatatu tarehe 15 mkaondoka Jumapili tarehe 21 mnaitumia yote. Ni euro 32 na ushee, kadi yenyewe euro 5, na mje na picha ndogo za pasipoti. Inawatoa uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle mpaka mjini na inawafikisha hata Versailles. Bila hiyo, tiketi ya treni ya uwanja wa ndege peke yake haipungui euro 13 kwa mtu mmoja.

Na tarehe 21 Juni kila mwaka tangu 1982 kuna siku ya muziki. Mji mzima watu wanapiga muziki barabarani bure mpaka usiku wa manane. Mkiweza kuondoka tarehe 22, fanyeni hivyo.

#11 Kapteni_Mizigo

Mama Sombe asante, hiyo ya Jumatatu hadi Jumapili wengi hawaijui. Naongeza teksi, kwa mwenye mizigo: kutoka Charles de Gaulle bei imepangwa na serikali, euro 56 ukishukia kaskazini ya mto Seine na 65 ukivuka kusini. Panda kwenye foleni rasmi. Anayekufuata ndani ya jengo akikunong'oneza "taxi, taxi" mkimbie.

#12 Mswahili_wa_Mtwapa

Ndugu zangu wa bara na pwani, mbona mnasukumana Paris kama hakuna mji mwingine? Mimi na mke wangu tulikwenda Lisbon, Ureno. Viza ni ileile ya Schengen, bei ya chakula imetulia, samaki wa kuchoma kila kona, na watu hawana haraka.

Lakini lililonigusa ni jingine. Tulikwenda Belém, kwenye ile nyumba kubwa ya watawa ya Jerónimos. Ukiingia tu kanisani unakuta kaburi la Vasco da Gama. Mimi nimekulia Mombasa, nimecheza mpira chini ya ukuta wa Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Aprili 1498 huyu mtu alipita kwetu, akapokelewa vizuri Malindi. Nikasimama pale mbele ya lile jiwe, mke wangu kanishika mkono, tukawa kimya muda mrefu. Hakuna mnara wa chuma utakaokupa hiyo.

Halafu unasikia maneno yako: mesa, bandeira, vinho. Meza, bendera, mvinyo. Mke wangu akainua leso yake akamwonyesha mama wa dukani, yule mama akasema "lenço". Wakacheka kama ndugu.

#13 Bi_Mkubwa_Pangani

Mtwapa umenifurahisha. Na gereza je? Nalo ni la Wareno, igreja, yaani kanisa.

#14 Mwalimu_Singida

Bi Mkubwa, hilo la gereza mimi huwa linanitatiza. Kanisa limegeukaje kuwa jela? Nilifundishwa kwamba ndani ya ngome mlikuwa na kanisa, watu wakaiita ngome nzima kwa jina hilo, na baadaye ngome ikatumika kufungia watu.

#15 Mswahili_wa_Mtwapa

Fort Jesus ilikuwa jela kweli zama za Waingereza. Ila babu yangu alisema neno ni la zamani kuliko hiyo jela, ngome yoyote yenye kuta nene iliitwa gereza. Hata kule Kilwa Kisiwani ile ngome inaitwa Gereza.

#16 KijanaWaTandale

Mleta uzi kaomba hoteli, mmempeleka gerezani. Rudini kwenye mada wazee wangu.

#17 Katekista_Moshi

Mleta uzi, ninyi ni Wakatoliki? Kama ndiyo, Roma. Umesema 17 Juni, na Mama Sombe kasema ni Jumatano. Jumatano ndiyo siku ya katekesi ya Baba Mtakatifu kwa watu wote, na tiketi zake hazilipiwi. Fikiria siku yenyewe ya kumbukumbu ya ndoa mko uwanja wa Mtakatifu Petro. Halafu Roma kuna mapadre na masista wengi wa Kitanzania wanaosoma, hamtakosa wa kuwaonyesha njia.

#18 BabaNeema_Kigamboni

Mimi Mlutheri, yeye Mkatoliki. Tulifungia kwao. Katekista umenitia majaribuni, lakini mashuka ni ya Eiffel, si ya Petro.

#19 Mpenda_Haki

Naomba niseme ukweli wangu bila kumuudhi mtu. Nimekwenda Paris mara mbili kwa kazi na sikuupenda. Metro nyingine inanuka mkojo. Mlangoni pa kila mgahawa kuna moshi wa sigara. Chini ya ngazi za kanisa la Sacré-Cœur kijana alinishika mkono akaanza kunifunga uzi wa rangi kidoleni huku akiongea, kabla sijajua anadai euro 20. Mwenzangu alichomolewa simu kwenye metro namba 1. Matarajio ya picha za kwenye mashuka ndiyo yanayowaumiza watu. Wajapani wamefika mahali pa kuwa na jina la kitabibu kwa mtu anayefika Paris akaanguka moyo.

#20 Mama_Sombe

Mpenda Haki, ya uzi wa kidoleni ni kweli, na wapo pia wasichana wanaokupa karatasi usaini huku mwenzao yuko mfukoni mwako, na wanaoigiza kuokota pete ya dhahabu miguuni pako. Dawa ni moja: mikono mfukoni, usisimame.

Lakini ulisalimia watu? Sikutanii. Mfaransa ukiingia dukani kwake bila kusema "bonjour" umemtukana. Hata kama unataka tu kuuliza choo kiko wapi, bonjour kwanza. Sisi tuliozoea "hodi" na "shikamoo" tungewaelewa mapema, lakini tukifika Ulaya tunadhani huko hakuna salamu. Mimi miaka yangu miwili ya mwanzo nilidhani wananichukia. Jirani yangu mmoja, mama wa Kimartinique, ndiye aliyeniambia: unaingia kama polisi. Nikaanza bonjour, mji ukafunguka.

Maji msinunue mezani, ombeni "carafe d'eau", ni maji ya bomba, salama, na mgahawa hauruhusiwi kuyatoza. Huduma imo ndani ya bei.

Mkichoka na mikate, njooni Château Rouge, mtaa wa 18, ule uchochoro wa Rue Dejean na inayouzunguka. Kuna sombe (kisamvu chenu), kuna mihogo, ndizi za kupika, samaki wa kukausha. Utasikia Kilingala zaidi, lakini ukisema Kiswahili kwa sauti hukosi mmoja atakayegeuka.

#21 Abuu_Unguja

Kwa ndugu Waislamu wanaosoma: Msikiti Mkuu wa Paris ulifunguliwa 1926, mtaa wa 5, mnara wake mita 33. Pembeni kuna ukumbi wa chai, wanakuletea chai ya nanaa kwenye vibilauri, mnakaa chini ya miti. Hata asiye Mwislamu anaingia. Mimi na mama watoto tulikaa pale saa tatu, ndiyo sehemu aliyoitaja alipoulizwa na mama yake.

Jambo la kujua: Juni magharibi inaingia karibu saa nne usiku. Tulikwenda kutazama mnara wa Eiffel ukiwaka saa mbili usiku, jua liko juu kama saa kumi ya Zenji. Watoto wa mjini wakatucheka.

#22 Fundi_Umeme_Mwanza

Abuu ndiyo maana nasema Juni si mwezi wa mnara. Taa za kumetameta zinawaka dakika tano mwanzo wa kila saa baada ya giza kuingia. Juni giza lenyewe la kweli ni kuelekea saa tano usiku. Desemba jua linazama saa kumi na moja jioni, unaona taa mara nne na bado unawahi kulala.

#23 MamaWawili_Ilala

Fundi, ndoa ni ya Juni! Waihamishie Desemba kwa ajili ya taa?

#24 Fundi_Umeme_Mwanza

Dada mimi nazungumzia taa tu. Ila akikubali saa tano usiku, akae upande wa pili wa mto, Trocadéro, au kwenye majani ya Champ de Mars na shali. Na tiketi ya kupanda, anunue kwenye tovuti ya mnara wenyewe mapema, lifti ya mpaka juu kabisa ni zaidi ya euro 35 kwa mtu. Kuna ngazi mpaka ghorofa ya pili, vipandio 674, bei ni pungufu sana. Mnara una mita 330, umesimama tangu 1889.

#25 Mrembo_wa_Sinza

Kaka fanyeni ile ya kufunga kufuli kwenye daraja mnaandika majina halafu ufunguo mnautupa mtoni. Ni nzuri jamani.

#26 Kapteni_Mizigo

Mrembo, hiyo imekwisha. Daraja ni Pont des Arts. 2014 sehemu ya uzio ilianguka kwa uzito wa kufuli, 2015 wakaziondoa zote, tani 45 hivi, wakaweka vioo. Kufunga kufuli sasa hairuhusiwi.

#27 Mrembo_wa_Sinza

Tani 45 za mapenzi. Sawa, nimepokea.

#28 Mwalimu_Singida

Mkuu, kabla hujalipia kitu chochote, nakuomba usome hili. Mimi na mke wangu tuliomba 2023 kwenye ubalozi mmoja wa nchi ya Ulaya. Miaka 15 ya ndoa, wote watumishi, barua za likizo zipo, hoteli tumelipia kamili. Tukanyimwa wote wawili. Fomu yao ina visanduku, kwetu waliweka alama kwamba wana shaka kama tutaondoka muda wa viza ukiisha. Tuna shamba, nyumba, watoto wanne. Hela ya hoteli haikurudi. Mke wangu hakulia pale, alilia tulipofika nyumbani na kukuta watoto wametuandikia "bon voyage" kwenye daftari.

Nasema hivi ili usilipe hoteli isiyofutika.

#29 Kapteni_Mizigo

Pole sana mwalimu. Naomba niulize, hela ilikaa benki muda gani kabla ya ombi? Wengi wanakwama hapo. Akaunti ilikuwa na laki tatu miezi mitano, wiki ya mwisho inaingia milioni kumi. Afisa anajua imeazimwa.

#30 Mwalimu_Singida

Ilikuwa mkopo wa SACCOS, ndiyo, iliingia wiki tatu kabla. Lakini tuliambatanisha barua ya mkopo.

#31 Mzee_Kipara

Barua ya mkopo ndiyo iliyowaponza! Mtu anayekopa kwenda kutalii wanamwona hana la kurudia.

#32 Mpenda_Haki

Sikubaliani na #29 wala #31. Jirani yangu alikuwa na hela safi, miaka yote, akanyimwa. Tatizo ni mume na mke kuomba pamoja pasipoti zao zikiwa tupu. Wakiondoka wote, nani kabaki? Aliposafiri kwanza yeye peke yake, wakaenda na Dubai na Afrika Kusini, mara ya pili walipewa wote.

#33 MamaWawili_Ilala

Mimi na mume wangu tuliomba pamoja, pasipoti yangu ilikuwa na muhuri wa Afrika Kusini tu, tukapewa. Kwa hiyo si hilo. Sisi tuliandika barua ya ukurasa mmoja: siku kwa siku tunakwenda wapi, watoto wanabaki na nani, cheti cha ndoa, barua ya shule. Naamini ilikuwa barua.

#34 Abuu_Unguja

Ni riziki. Mimi niliandika barua fupi kuliko salamu na nilipewa.

#35 Kapteni_Mizigo

Abuu riziki ipo, lakini mleta uzi aanze na vinavyoshikika. Biashara yake: leseni, TIN, cheti cha kutodaiwa kodi, mizunguko ya akaunti ya miezi 6 ya duka na yake binafsi. Milioni 18 kama ziko kwenye kibubu azipeleke benki sasa, Februari hii, na aeleze zimetokea wapi. Hoteli ya kufutika bila gharama. Tiketi ya kushikiliwa, asilipe mpaka viza itoke. Na ombi lipelekwe Ufaransa kama usiku mwingi ni Ufaransa, asije akaomba nchi nyingine kwa kusikia ni rahisi.

Hesabu ya haraka, weka euro moja kama shilingi elfu tatu: tiketi mbili kupitia Addis, Doha, Istanbul au Nairobi, jaalia milioni 5 na nusu hadi 6. Hoteli usiku sita kwa euro 150, milioni 2 na laki 7. Chakula na kutembea euro 120 kwa siku, milioni 2 na kidogo. Viza na bima, karibu laki 7. Louvre tangu Januari mwaka huu wasiotoka Ulaya tunalipa euro 32 kila mmoja, na inafungwa Jumanne. Milioni 18 inatosha na unarudi na chenji.

#36 Mswahili_wa_Mtwapa

Kwa hiyo chenji Lisbon mtakula samaki wiki nzima.

#37 BabaNeema_Kigamboni

Wakuu, nimechelewa kurudi, mnisamehe. Nimesoma kuanzia mwanzo hadi mwisho mara mbili. Mwalimu, pole sana, ya daftari la watoto imenikaa.

Juzi usiku nilimwambia. Dada wa Ilala umenishinda kwa hoja ya zamu. Nilimpa simu asome uzi huu mwenyewe kwa sababu nilishindwa pa kuanzia.

Alisoma kimya. Alipofika kwenye mashuka akaniangalia. Anasema anayanunua kwa sababu yale ya mnara ni pamba nzito na hayachuji, na muuzaji wake Kariakoo huwa analeta hayo tu. Mnara hajawahi kuufikiria. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiusoma.

Nikamuuliza basi tuache? Tuende Roma? Akakaa muda. Ndipo akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukijua. Aprili 2019, Jumatatu ya Juma Kuu, alikuwa zamu ya usiku. Wodini kulikuwa na bibi mmoja, mkatekista mstaafu, hali yake mbaya, na televisheni iko juu ukutani. Wakaonyesha Notre-Dame inawaka moto. Yule bibi akamwomba amgeuze aone. Mke wangu akamshika mkono wakatazama pamoja mpaka ule mnara mwembamba wa juu ukaanguka. Bibi akasema, "Watajenga." Alfajiri akafariki.

Mke wangu anasema kanisa lilipofunguliwa tena Desemba 2024 aliona picha kwenye simu akiwa kwenye daladala, akashuka kituo kisicho chake. Hakuniambia kwa sababu hakujua aanzie wapi. Mimi usiku ule wa 2019 nilikuwa nimelala nyumbani, na asubuhi nilimuuliza zamu ilikuwaje, akajibu "salama."

Kwa hiyo ni Paris. Ila anataka tarehe 17 asubuhi tuwe Notre-Dame, na mshumaa mmoja ni wa yule bibi. Mnara tutauona ukitokea mbele yetu.

#38 MamaWawili_Ilala

Kaka, mpe wifi mkono wangu. Sina neno jingine.

#39 Mama_Sombe

Kuingia Notre-Dame ni bure, siku zote. Muda unaweza kuushika kwenye tovuti yao, bure pia, siku chache kabla, na asiye na muda anapanga foleni ya kawaida. Asubuhi mapema ndiyo nzuri, mwanga unaingia upande wa mashariki na jiwe lote limeoshwa, jeupe, utashangaa. Misa zipo kila siku. Mkitoka, kushoto kwenu ni mto, vukeni daraja mkae chini kando ya maji.

Mnijulishe mkishapata viza. Nitakuja na sombe iliyopikwa.

#40 Katekista_Moshi

Jina la bibi kama mnalo, niwekee faragha. Jumapili hii tunamwombea huku.

#41 BabaNeema_Kigamboni

Asanteni. Miadi ya viza tumepata Machi. Anauliza: Juni Paris anavaa nini, sweta au koti? Na viatu, maana amesema safari hii hatavivua.

#42 Mama_Sombe

Asubuhi na usiku sweta jepesi, mchana hata gauni. Mwavuli mdogo. Viatu vya zamuni vilevile, ndivyo vitamfaa, mtatembea sana.

#43 KijanaWaTandale

Mimi nina mwaka wa tatu wa ndoa na laki nane. Mnanishauri wapi?

#44 Bi_Mkubwa_Pangani

Njoo Pangani mwanangu, laki nane ni nyingi, nitawapikia. Na uje na mwalimu wa Singida na mama watoto, tulimalize lile la gereza.